Mama Aulizwe Pia Kuhusu Haja Kubwa: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Kila Mei 23, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi, Tanzania husikia habari za wanawake wanaovuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu uliokosa msaada. Kazi iliyokwisha kufanyika inastahili heshima. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imetibu fistula bila malipo, na imewahi kutuma nauli kwa M-Pesa ili mgonjwa wa kijijini asikwame kwa kukosa tiketi ya basi.

Lakini wapo akina mama ambao mkojo wanauzuia vizuri, ila kinyesi kinawatoka. Hao wako kimya zaidi. Mkojo mtu anaweza kumtajia shoga yake. Kinyesi humficha hata mama mzazi. Anaacha kupanda daladala, anaacha ibada ya pamoja, anajinyima chakula ili tumbo libaki tupu. Mume akiuliza, anasingizia kuhara.

Wengi wao hawana fistula, walichanika. Njia ya haja kubwa hufungwa na misuli miwili ya duara: wa ndani hujibana wenyewe, wa nje hutii amri ya mwenye mwili. Mtoto akiwa mkubwa, ukiwa uzazi wa kwanza, au mtoto akivutwa kwa kifaa, msamba huweza kuchanika hadi kwenye misuli hiyo. Hilo ni daraja la tatu. Ukichanika hadi utando wa utumbo, ni daraja la nne. Kwa nje jeraha laweza kuonekana dogo, na mkunga asipopima kwa kidole njia ya haja kubwa kabla ya kushona, ngozi hufungwa vizuri huku misuli imebaki imekatika chini yake. Inauma kufikiria kwamba mama huyo angeweza kushonwa ipasavyo siku ileile, akiwa bado mikononi mwa wahudumu.

Wazee nao wamo. Choo kigumu kikiziba utumbo, majimaji hupenya pembeni. Nyumbani wanadhani mzee anaharisha, wanampa dawa ya kufunga tumbo, na kizibo kinazidi kukaza.

Msaada mwingi hauhitaji upasuaji. Yapo mazoezi ya kubana misuli, kama mtu anayezuia hewa isimtoke, yanayofanywa kila siku kwa miezi. Kuna kwenda chooni baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa chakula huuamsha utumbo, na kuna kuosha ngozi kwa maji, kuikausha taratibu na kuipaka mafuta ya mgando isichubuke. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyafundisha yote hayo, mradi ajue kwamba mgonjwa yupo. Atajuaje asipouliza?

Kwa hiyo barua hii inaiomba Wizara ihakikishe kwamba katika kila leba, kuanzia kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa, kipimo kile cha kidole kinafanywa kabla ya kushona, kwa ridhaa ya mama, na kwamba mkunga asiyeweza kushona daraja la tatu ana pa kumpeleka mara moja. Kisha, mama anaporudi kliniki wiki ya sita, aulizwe akiwa peke yake na mlango umefungwa: je, hewa au choo vinakutoka bila kutaka? Akisema ndiyo, aandikiwe rufaa kabla hajaondoka.