Timu Hujengwa na Wanaobaki Lindoni

Msimu wa michezo ukiisha, uwanja hufagiwa, taa huzimwa na milango hufungwa. Lakini mazungumzo ya wapenzi wa timu hayana kufuli. Katika kantini na barazani watu huendelea kuihesabu michezo iliyopita. Huyu humlaumu refa, yule humlaumu mwalimu wa timu, na wa tatu huapa kwamba laiti mchezaji fulani asingekosa mtupo mmoja, kombe lingekuwa kabatini. Mazungumzo hayo si kupoteza wakati, mradi yafanywe kwa haki. Mtu anayeutazama msimu uliopita kwa utulivu hupata funzo ambalo matokeo ya siku moja hayawezi kumpa.

Msimu mmoja unaostahili kuzungumzwa katika nyumba za askari ni ule wa 1985/86 wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, timu ambayo wapenzi wake huiita Navy. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1845 katika mji wa Annapolis, jimbo la Maryland. Kijana anayepokelewa pale halipi karo. Husoma kwa miaka 4, huvaa sare, huamka kwa amri na kulala kwa amri, na akihitimu huwa afisa mwenye deni la kulitumikia taifa kwa miaka isiyopungua 5. Kwa sababu hiyo vijana wenye vipaji vikubwa vya mpira, wanaoota fedha za timu za kulipwa, kwa kawaida huenda vyuo vingine. Mpenzi wa Navy alikuwa amezoea kuipenda timu yake bila kuitarajia makuu.

Mwaka 1983 alipokelewa chuoni hapo kijana mmoja aliyeitwa David Robinson. Baba yake, Ambrose, alikuwa askari wa jeshi hilohilo la wanamaji, na mama yake alikuwa muuguzi. Kijana huyo hakuja kwa ajili ya mpira. Katika shule ya sekondari alikuwa ameucheza mwaka mmoja tu. Alichokipenda zaidi ni hesabu, na ndiyo aliyoichukua kuwa somo lake kuu. Lakini mwili wake ulikuwa na mpango wake. Aliingia chuoni akiwa na urefu wa mita 2 hivi. Alipohitimu alikuwa amefika mita 2.16. Vijana wa mwaka wa pili wakamwona mwenzao akiurefukia mlango, na timu ikapata mchezaji wa kati ambaye haijawahi kuwa naye.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza. Sheria ya chuo inamruhusu mwanafunzi kuondoka kabla ya kuanza mwaka wa tatu bila kudaiwa utumishi wowote. Akishauanza mwaka huo, amejifunga. Robinson alifika kwenye njia panda hiyo mwaka 1985, wakati nchi nzima ilikuwa imekwisha kuusikia uchezaji wake. Angeweza kuhamia chuo chochote kikubwa cha mpira, na baadaye kuingia moja kwa moja kwenye timu za kulipwa. Hakuondoka. Alirudi Annapolis, akavaa sare yake, na msimu ambao wapenzi wa Navy wanaukumbuka hadi leo ukaanza.

Msimu huo timu ilicheza michezo 35, ikashinda 30 na kushindwa 5. Robinson peke yake aliizuia mitupo ya wapinzani mara 207, yaani karibu mara 6 kwa kila mchezo. Na siku ya tarehe 4 Januari 1986, dhidi ya chuo cha North Carolina cha mji wa Wilmington, aliizuia mara 14. Msomaji asiyeujua mchezo huu na aelewe kwamba kikapu hutundikwa mita 3.05 kutoka ardhini, na kuzuia mtupo kwa halali ni kuupiga mpira ungali unapanda. Ukishaanza kushuka, asiguse mtu. Kazi hiyo haitaki urefu tu, bali pia jicho, subira na kipimo.

Hata hivyo, mpenzi mwenye haki hataji jina moja tu. Vernon Butler na Kylor Whitaker, vijana wa mwaka wa mwisho, walikuwa wamekula jasho la timu hiyo tangu kabla dunia haijaitazama. Doug Wojcik ndiye aliyekuwa akiigawa mipira, kazi ambayo watazamaji wengi hawaipigii makofi. Mwalimu wao, Paul Evans, aliwafundisha kucheza kama kikosi kimoja.

Mwezi Machi 1986 yalianza mashindano ya taifa ya vyuo. Timu zilikuwa 64, na utaratibu ni wa mtoano: anayeshindwa mara moja hurudi nyumbani. Navy waliwafunga Tulsa pointi 87 kwa 68. Kisha wakakabiliwa na Syracuse katika uwanja wa Syracuse wenyewe, uwanja wenye paa na mashabiki wengi mno, palepale walipokuwa wameshindwa na timu hiyohiyo mapema katika msimu. Safari hii kadeti walishinda 97 kwa 85. Robinson alipata pointi 35, na 21 kati ya hizo zilitokana na mitupo ya adhabu, maana wapinzani hawakuona njia ya kumzuia ila kumchezea rafu. Mtupo wa adhabu mtu huurusha peke yake, huku maelfu wakimzomea. Ni mtihani wa moyo kuliko wa misuli.

Mchezo uliofuata, dhidi ya Cleveland State, ulikuwa wa kukata pumzi. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Robinson alitia kikapu kilichowapa Navy ushindi wa 71 kwa 70. Zikabaki timu 8 katika nchi nzima, na chuo cha askari kikiwa kimojawapo.

Tarehe 23 Machi 1986 safari ilifika ukingoni. Chuo cha Duke kiliwafunga Navy 71 kwa 50. Tofauti ya pointi 21 haiachi nafasi ya kumlaumu refa.

Tangu siku hiyo wapenzi wa Navy wamekuwa wakijiuliza maswali matatu, na yote yanafaa kujibiwa bila hasira.

SWALI LA KWANZA: KWA NINI WALISHINDWA?

Wengi husema kwamba Johnny Dawkins wa Duke, aliyepata pointi 28, hakukamatika. Ni kweli, lakini jibu hilo ni la siku moja. Jibu lenyewe lilianza miaka mitatu nyuma. Katika msimu wa 1982/83 Dawkins na wenzake, Mark Alarie na Jay Bilas, walikuwa vijana wa mwaka wa kwanza. Duke ilishinda michezo 11 tu na kushindwa 17. Watu walipiga kelele mwalimu wa timu afukuzwe. Uongozi wa chuo haukumfukuza, na vijana hawakutawanyika. Waliofungwa mara 17 ndio waliosimama mbele ya Navy mwaka 1986, wakiwa watu wazima katika mchezo.

Na mwalimu huyo alikuwa nani? Alikuwa Mike Krzyzewski, mhitimu wa mwaka 1969 wa West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu la Marekani. Alilitumikia jeshi kama afisa hadi mwaka 1974, kisha akaifundisha timu ya chuo chake cha zamani kabla ya kwenda Duke mwaka 1980. Kwa hiyo wanamaji hawakushindwa na watu wasiojua nidhamu. Walishindwa na subira ya askari mwenzao. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mpenzi wa Navy anayelijua hilo hulala usingizi wake vizuri. Duke nao hawakulichukua kombe. Walifika fainali, wakafungwa na Louisville 72 kwa 69.

SWALI LA PILI: JE, MTU MMOJA ANATOSHA?

Msimu uliofuata ulijibu. Butler na Whitaker walikuwa wamehitimu, na mwalimu Evans alikuwa amekwenda kufundisha kwingine. Robinson alikuwa amezidi ustadi. Katika mchezo wake wa mwisho wa chuo, mwezi Machi 1987 dhidi ya Michigan, alipata pointi 50 peke yake. Navy wakashindwa 97 kwa 82. Mwaka mmoja kabla, akiwa na wenzake waliokomaa, alipata pointi chache zaidi na timu ikaenda mbali zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe kirefu namna gani. Katika kituo cha polisi, katika kombania na katika nyumba, hesabu ni hiyohiyo: hodari mmoja kati ya wenzake waliovunjika moyo huchoka, na kazi haisogei.

SWALI LA TATU: JE, ALITENDEWA HAKI, AU WENZAKE WALIDHULUMIWA?

Swali hili ndilo gumu, na askari hawapaswi kulikimbia. Robinson alipohitimu mwaka 1987, wenzake walidaiwa miaka 5. Waziri wa Jeshi la Wanamaji, John Lehman, aliamua kwamba yeye atumike miaka 2 katika utumishi wa kila siku, kisha awe katika jeshi la akiba. Sababu iliyotolewa ni urefu wake, kwani afisa wa mita 2.16 hawezi kutumika vizuri melini, sembuse ndani ya nyambizi au ndege ya vita. Walikuwapo Wamarekani walionung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa ya kipuuzi. Kadeti asiye na jina, ambaye hajui kutia mpira kikapuni, alikuwa amekula kiapo kilekile. Akiona kiapo kinapimwa kwa kipaji cha mtu, moyo wake utapoa.

Upande wa pili nao una hoja. Kijana huyo hakuomba kurefuka. Mwaka 1985 alipokuwa na ruhusa ya kuondoka bila deni, alibaki, wakati wengine wangelikimbia. Na ile miaka 2 aliyotakiwa aliitumika yote. Timu ya kulipwa ya San Antonio Spurs ilimchagua wa kwanza kati ya vijana wote wa mwaka 1987, ikijua kwamba itamngojea. Yeye akaenda kwenye kituo cha nyambizi cha Kings Bay, jimbo la Georgia, akafanya kazi za uhandisi akiwa afisa wa cheo cha chini. Wenzake wa rika lake walikuwa wakivuna fedha na makofi. Yeye alikuwa akitia saini karatasi za kazi. Spurs walivumilia. Katika msimu wa 1988/89 walishinda michezo 21 tu kati ya 82. Robinson alipowasili msimu uliofuata, walishinda 56. Baadaye alitwaa nao ubingwa mara mbili, mwaka 1999 na mwaka 2003, na watu wakamwita Admirali, ingawa cheo hicho hakuwahi kukifikia.

Basi haki iko wapi? Haki iko katika kanuni inayotangazwa mapema na kuwahusu wote. Mkubwa akimpunguzia mmoja mzigo, hana budi kueleza sababu mbele ya wale waliobaki nao, maana askari huweza kustahimili njaa na mvua kuliko kustahimili upendeleo asioelezwa. Na anayepunguziwa hana budi kuithamini nafuu hiyo kwa kuitimiza sehemu iliyobaki bila kuikwepa. Robinson alilipa sehemu yake yote, na hiyo ndiyo sababu hata walionung'unika hawakumdharau.

Katika familia za askari na polisi swali hili huingia ndani ya nyumba. Kuna kijana anayetaka kuacha chuo katikati kwa sababu rafiki yake ameanza biashara na amenunua pikipiki. Kuna baba aliyepelekwa kituo cha mbali, naye huona kwamba wenzake waliobaki mjini wanapanda vyeo haraka. Kuna mama anayeibeba nyumba peke yake miezi mingi, na hakuna anayempigia makofi, kama vile asivyopigiwa makofi yule anayeigawa mipira. Si kila anayeondoka ni mwoga, na si kila anayebaki atalipwa kwa kombe. Mzazi asimdanganye mwanawe kwa kumwahidi hivyo. Amwambie ukweli: njia panda ina siku yake, na siku hiyo mtu ana uhuru wa kuchagua. Akishachagua, aifanye kazi aliyoichagua kwa moyo wote, maana wapo wenzake wanaomtegemea.

Tangu mwaka 1986 timu ya Navy haijafika tena hatua ya timu 8 za mwisho. Lakini mpenzi wake akiulizwa ni msimu gani anaoukumbuka, hasemi habari za kombe, kwa kuwa kombe halikuwapo. Huwataja vijana watano waliovaa sare asubuhi wakaenda darasani, wakaingia uwanjani jioni, na ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyeliacha lindo kabla ya zamu yake kwisha.