Orkestra hupimwa jukwaani, si kwenye simu

Kila mara nyimbo za zamani zinapopita redioni, mabishano yanaanza. Mmoja anasema Franco ndiye mkubwa. Mwingine anasema hapana, ni Tabu Ley Rochereau. Wa tatu anawacheka wote wawili na kutaja Zaïko Langa Langa. Mabishano hayo ni matamu na hayamdhuru mtu. Lakini karibu kila mara yanaacha pembeni swali lenye uzito zaidi: ni nani aliyeweza kusimama mbele ya watu usiku mzima na gitare, na ngoma, na sauti yake mwenyewe, bila mashine kumfunika makosa?

Hicho ndicho kipimo cha orkestra. Wapenda rock wa Ulaya na Marekani wanakijua vizuri. Shabiki wa The Who akitaka kuonyesha nguvu ya kundi lake, mara nyingi atatoa Live at Leeds, iliyorekodiwa mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Leeds, Uingereza, tarehe 14 Februari 1970. Shabiki wa Deep Purple atatoa Made in Japan, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo mwezi wa nane 1972. Kwao, kilichopigwa mbele ya watu ndicho ushahidi. Hapa Congo kipimo kilikuwa hicho hicho, na leo kinaachwa polepole bila mtu kupiga kelele.

Muziki uliokomaa mbele ya wachezaji

OK Jazz ilianza tarehe 6 Juni 1956 mjini Kinshasa, wakati mji huo ungali unaitwa Léopoldville. Jina lake lilitoka kwenye baa ambamo ilikuwa ikipiga, OK Bar. Yaani orkestra hiyo haikutoka studioni, ilitoka mahali ambapo watu walikunywa na kucheza. Diski za wakati ule zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa ili uweze kuingia. Baani hakuna aliyeukata. Waimbaji wakimaliza maneno, magitare yalichukua nafasi, seben ikaanza, na ikaendelea kadiri wachezaji walivyotaka.

Ndiyo maana rumba ya Congo ina magitare mengi. Solo inaongoza, akompanyema inashika mwendo, besi inabeba mzigo chini, na mi-solo inapita katikati ya solo na akompanyema. Kila mmoja anapiga kitu kidogo, tena anakirudia kwa subira, na vyote vikikutana mwili hauwezi kukaa. Mpangilio kama huo haujifunzwi kwa siku mbili. Unahitaji mazoezi ya kila juma, na watu wanaosikilizana.

Kisha wakaja vijana. Zaïko Langa Langa iliundwa tarehe 24 Disemba 1969, na wengi wao walikuwa wadogo sana. Waliacha tarumbeta na saksofoni za wakubwa, wakaweka mbele gitare, batri na sauti za waimbaji wengi. Wazee walilalamika kwamba ni kelele, sawa na wazazi wa Ulaya walivyolalamika juu ya rock wakati huo huo. Lakini vijana hao hawakukimbia jukwaa. Mpiga batri wao, Meridjo Belobi, alileta mwendo wa cavacha, ambao uliigwa na makundi mengi ya Afrika ya Kati na Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliingiza atalaku, yule anayepaza sauti na kuamsha watu wakati wa seben. Atalaku ni kazi ya jukwaani tupu: bila watu mbele yake, hana wa kumwamsha.

Somo la mwaka 1974

Wapenda muziki wengi wanakumbuka pigano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Wachache zaidi wanakumbuka konseri iliyotangulia, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika uwanja unaoitwa leo Tata Raphaël. James Brown alikuja, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz pamoja na Fania All-Stars, Miriam Makeba. Katika uwanja huo huo walipiga Franco na OK Jazz, Tabu Ley Rochereau, na Abeti Masikini.

Wacongo hawakuwa wa kujaza nafasi tu. Lakini nyimbo za wasanii wa Afrika waliopiga siku zile zilitolewa rasmi kwenye albamu mwaka 2017 tu, miaka 43 baadaye. Franco, Abeti, Rochereau na Makeba wote walikuwa wamekwisha kufa. Hii inaonyesha kwamba kupiga vizuri peke yake hakutoshi. Anayepiga anahitaji pia mtu wa karibu atakayerekodi, atakayeandika majina, na atakayetunza. Redio za mtaa zina kazi hapo, na si lazima zingoje wageni wenye kamera.

Waliovuka mipaka na gitare

Historia hii si ya Kinshasa peke yake. Jean Bosco Mwenda alirekodiwa mwaka 1952 kule Katanga na Hugh Tracey. Alikuwa na gitare moja na vidole vyake, akaimba kwa Kiswahili, na wapiga gitare wa nchi nyingi wanasoma mpigo wake hadi leo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Maniema, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa sauti ya wanyonge wa Tanzania pamoja na Super Matimila. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipita Uganda, akafika Nairobi, na mwaka 1981 akaunda orkestra aliyoipa jina la Virunga, jina la volkeno ambazo watu wa Kivu wanaziona kila asubuhi mawingu yakiondoka.

Haya yanaandikwa hapa kwa sababu moja. Familia nyingi zilizohama Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na kwingineko zimezoea kusikia zikitajwa kwa hesabu tu: mabati, maturubai, kilo za unga. Watoto wao mtaani wanaitwa « badeplase », kana kwamba hilo ndilo jina walilopewa na wazazi. Lakini katika familia hizo kuna waliopiga gitare kwenye harusi za kijiji, kuna walioongoza korali, kuna mama anayejua nyimbo za mavuno ambazo mji haujazisikia. Kuhama si jambo jema, na hakuna wimbo unaorudisha shamba. Hata hivyo ujuzi ni mali ambayo wezi wa njiani hawawezi kuichukua, na mji unaowapokea watu hao bila kuwauliza wanajua nini unajinyima wenyewe.

Hasara ya pleibeki

Basi hali ya leo ni ipi? Mwandaaji anakodi sono na jenereta. Anabandika picha kubwa. Watu wanalipa franga zao, wengine wakiwa wamezibana wiki mbili. Mwimbaji anafika saa tatu nyuma ya wakati, fleshi inachomekwa, wimbo unacheza na sauti yake ikiwa tayari ndani, naye anafungua mdomo na kuruka. Baada ya nyimbo nne amekwisha. Hiyo haistahili kuitwa konseri. Ni kusikiliza simu kubwa kwa bei kali.

Anayepoteza si mtazamaji peke yake. Pleibeki inawaondolea kazi mpiga besi, mpiga batri, mpiga kinanda, na fundi anayejua kurekebisha gitare. Kijana mwenye kipaji akiona kwamba mpiga gitare halipwi, ataacha gitare. Baada ya kizazi kimoja, rumba ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 kati ya mali za binadamu wote itabaki kwenye karatasi ya UNESCO.

Waandaaji wana majibu, na si ya uongo. Vyombo ni ghali. Umeme unakatika. Usalama ni mdogo, na watu wanaogopa kurudi nyumbani usiku. Yote ni kweli. Lakini hakuna hata moja linalolazimisha pleibeki. Konseri inaweza kufanyika saa nane mchana. Gitare mbili, besi na ngoma hazihitaji sono ya kutikisa mtaa mzima. Na vyombo vipo: viko makanisani. Katika miji mingi ya mashariki, batri na vinanda vinavyofanya kazi viko mikononi mwa korali, na ni huko vijana wengi wanajifunza kupiga kweli. Wachungaji na mapadri wakikubali vyombo hivyo vitumike siku mbili kwa juma kufundisha watoto wa mtaa na watoto wa waliohama, bila kuuliza dini ya mtu, wataokoa zaidi ya muziki.

Mtazamaji arudi nyumbani mzima

Kuna jambo zito kuliko pleibeki. Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa katika msongamano kwenye konseri ya Fally Ipupa katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa. Tarehe 27 Julai 2024, katika uwanja huo huo, watu 9 walikufa kwenye konseri ya nyimbo za dini. Wote walitoka nyumbani kwenda kufurahi.

Tusiseme hayo ni ya Afrika peke yake. Tarehe 3 Disemba 1979, watu 11 walikufa mlangoni mwa ukumbi mjini Cincinnati, Marekani, wakisubiri kuingia kuwatazama The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti, kwa hiyo kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Baada ya maafa hayo, mji ulikataza kwa miaka mingi konseri zenye viti visivyo na namba. Viongozi wake hawakuishia kwenye rambirambi. Walitazama milango, wakahesabu, wakaandika sheria.

Hapa pia hesabu inawezekana, hata kwa konseri ya uwanja wa shule. Tiketi zisipite nafasi zilizopo. Milango ifunguliwe mapema na yote, na ibaki wazi hadi mtu wa mwisho atoke. Watoto wawe na sehemu yao mbele au pembeni. Leta ipeleke polisi wa kuongoza watu, si wa kuwachapa. Mwandaaji asiyeweza hayo asipewe ruhusa, hata kama msanii wake ni nani.

Nguvu iliyo mikononi mwa shabiki

Shabiki mara nyingi anajiona mdogo. Hana sono, hana uwanja, hana mtu ofisini. Lakini yeye ndiye anayelipa, na hakuna orkestra ya zamani iliyodumu bila watu wa namna yake. Franco na Rochereau walishindana kwa miaka mingi kwa sababu walijua watu wanasikiliza, wanalinganisha, na wanaweza kuhamia baa ya jirani.

Kwa hiyo tangazo lolote la konseri liseme wazi: watapiga ao ni pleibeki? Kama halisemi, mnunuzi aulize kabla ya kutoa franga, na jibu likiwa la kuzungukazunguka, abaki nazo mfukoni. Na siku kijana wa mtaani, ao yule aliyefika juzi kutoka Masisi, atakapopanda na gitare lenye nyuzi tano na kukosea hapa na pale, watu wasimzomee. Wampe muda. Hao wakubwa wanaobishaniwa kila siku redioni nao walianza hivyo, mbele ya watu waliokubali kuwasubiri.