Kalamu Nyekundu na Nyimbo za Watu

Kuna kauli inayorudiwa mno katika vikao vyetu vya wapenda fasihi, na kila inapotajwa wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kuafiki. Kauli yenyewe ni hii: nyimbo za kienyeji zihifadhiwe, lakini zichujwe kwanza, zibakishwe zenye adabu na faida, na nyingine ziachwe zife na wenyewe. Naipinga kauli hii. Ila sitaanza na ya kwetu, maana visiwani kila mtu anajua fulani ni mtoto wa nani, na mjadala wa hoja hugeuka upesi ukawa ugomvi wa watu. Namwomba msomaji anifuate ng'ambo ya bahari, katika bonde la mto Indus, nikamwoneshe mtu aliyelikabili suala hili hili na akalijibu kwa kazi ya umri mzima.

Mtu huyo ni Nabi Bakhsh Baloch. Alizaliwa mwaka 1917 kijijini, katika wilaya ya Sanghar, jimbo la Sindh, ambalo leo liko Pakistan. Alisoma Aligarh, India, kisha akaenda Marekani, na mwaka 1949 akapata udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporejea alisomesha Chuo Kikuu cha Sindh, na katika miaka ya 1970 akakiongoza. Alifariki mwaka 2011. Wasomi wa aina hii tunawajua: mtu huenda ng'ambo, akarudi na shahada, na tangu siku hiyo hana la kuzungumza na mkulima ila bei ya muhogo. Baloch alirudi akawaendea wakulima na wachunga ngamia kuwauliza vitendawili.

Na tuuzingatie wakati wenyewe. Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, na Wahindu wengi wa Sindh wakahamia India na nyimbo zao vifuani. Mwaka 1955 jimbo lenyewe la Sindh lilivunjwa, likachanganywa na majimbo mengine yakawa mkoa mmoja wa Pakistan ya Magharibi. Halikurejeshwa hadi mwaka 1970. Ni katika miaka hiyo hiyo, jina la nchi yao likiwa limeondoshwa katika ramani ya utawala, ndipo Baloch alipoiongoza kazi ya Bodi ya Fasihi ya Kisindhi ya kukusanya fasihi simulizi. Watu walitumwa vijijini wakaandike yanayosemwa na yanayoimbwa. Yakatoka majuzuu zaidi ya arubaini.

Ndani ya majuzuu hayo mna nini? Mna mauludi na munajati, ambazo mchujaji wetu angezipokea kwa mikono miwili. Mna mashairi ya herufi thelathini, kila ubeti ukianza na herufi yake, mfano wa tenzi zetu za alifu na be. Mna mashairi ya majibizano. Lakini pia mna vitendawili vya namna kwa namna, mna ngano za majini na wafalme, mna mizaha, na mna juzuu zima la nyimbo za harusi ambazo wanawake huziimba wenyewe kwa wenyewe. Hakusema haya ni ya dini yapande juu, na haya ni ya jikoni yabaki chini. Kisha, na hili ndilo linalonigusa mimi mfasiri, alivichapisha vitabu hivyo kwa Kisindhi. Kiingereza alikijua vizuri, na angeweza kuwaandikia maprofesa wa New York wakampigia makofi. Alichagua kuwarudishia wenye mali mali yao, kwa lugha waliyoitolea.

Hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1966 kilitoka kitabu chake juu ya ala za muziki za bonde la chini la Indus. Na kwa miaka mingi alilinganisha miswada ya diwani ya Shah Abdul Latif, mshairi mkuu wa Wasindhi aliyefariki mwaka 1752, diwani ambayo milango yake imepangwa kwa majina ya sauti za kuimbia. Pale Bhit Shah, kwenye kaburi la mshairi, mafakiri wangali wanayaimba mashairi hayo usiku kwa danburo, ala yenye nyuzi tano, sauti zao zikipanda juu kama za wanawake kisha zikishuka.

Hapa mpinzani wangu atasema: basi waimbaji wapo, vitabu vya nini? Wimbo ukishaandikwa umekufa. Namjibu kwamba mafakiri wa Bhit Shah wana kaburi la kuwakusanya na wana wakfu wa mapenzi ya watu. Wimbo wa kumpamba bi harusi wa kijiji kimoja una nini cha kuulinda siku bibi anayeujua anapofumba macho? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nakiri kwamba daftari halina sauti. Lakini aliye na daftari anajua ni sauti gani anayoitafuta.

Nami nina langu la kusema. Zamani, kabla sijawa na mvi, niliandika katika madaftari matatu nyimbo za bibi mmoja wa shamba, jirani ya mama yangu. Mimi si mtu wa vyuo. Niliziandika kama nilivyozisikia. Nikazipeleka katika ofisi moja ili zihifadhiwe. Nilitakiwa kwanza nioneshe cheti, nami sikuwa nacho. Kisha madaftari yakachukuliwa, na yaliporudi yalikuwa yamepigwa kalamu nyekundu. Beti zilizokuwa na matusi ya harusini zilifutwa. Beti ambazo maneno yake hayakueleweka zilifutwa pia, na pembeni pakaandikwa "si Kiswahili". Wino ule ulikuwa mzito, na beti nyingine hazisomeki tena. Nilipokwenda kumwuliza bibi, nilikuta kumeshasomwa hitima yake.

Hilo neno "si Kiswahili" ndilo linalonirudisha Sindh. Huko wako watu waitwao Masheedi, wazawa wa Waafrika, ambao wengi wao walivushwa bahari utumwani kutoka pwani yetu hii. Mmoja wa waandishi wa Kisindhi, Muhammad Siddique Musafir, aliyefariki mwaka 1961, alikuwa mtoto wa mtumwa wa namna hiyo. Masheedi wana ngoma ndefu iitwayo mugarman, na katika nyimbo wanazoiimbia mna maneno ambayo hata waimbaji wenyewe hawajui tena maana yake. Richard Burton aliorodhesha maneno ya watu hao katika kitabu chake cha mwaka 1851 juu ya Sindh, na mengi ni maneno tunayoyasema sisi mpaka leo.

Sasa mpe mchujaji nyimbo hizo. Atakuta neno lisiloeleweka, atainua kalamu nyekundu na kuandika pembeni "si Kisindhi". Atasema kweli, naye atakuwa amefuta ushahidi wa kwamba mababu wa watu wale walisema lugha yetu.

Kwa hiyo nawauliza wenye kuchuja: nani amekujulisheni ni neno gani ambalo mjukuu wa mjukuu atakuja kulitafuta? Kama hamjui, andikeni yote. Aibu ikiwapo, ni ya aliyeimba na aliyesikiliza, na wao hawakuona aibu. Mimi madaftari yangu matatu ninayo bado, yamo sandukuni. Mwenye kujua nyimbo za harusi za shamba, hata ubeti mmoja, hata wenye tusi, na aje tuzijaze nafasi zilizofutwa. Cheti sitamwuliza.