Asia Kusini ilivyosomesha vijana wake ikawanyima kazi

KATI ya Julai 2022 na Septemba 2025, serikali tatu za Asia Kusini ziling'olewa na vijana waliomiminika barabarani. Rais Gotabaya Rajapaksa wa Sri Lanka alitoroka nchi usiku, siku chache baada ya umati kuvamia makao yake jijini Colombo. Waziri Mkuu wa Bangladesh, Sheikh Hasina, alikimbilia India mnamo Agosti 5, 2024. Naye Waziri Mkuu wa Nepal, K.P. Sharma Oli, alijiuzulu Septemba 9, 2025 huku jengo la bunge likiteketea.

Nchini Kenya, ambako vijana walivamia bunge Juni 25, 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wengi waliyatazama matukio hayo kama moto unaoruka kutoka paa moja hadi jingine kwa upepo wa TikTok. Maelezo hayo ni mepesi mno. Simu huweza kueneza habari za maandamano, lakini haielezi ni kwa nini mamilioni ya watu wa umri mmoja, wenye vyeti mkononi, walikuwa hawana mahali pa kwenda siku ya kazi.

Jibu limo katika jiografia ya watu, na pa kuanzia ni Bangladesh. Nchi hiyo ni kama robo ya Kenya kwa ukubwa, lakini ina watu takriban milioni 170. Sehemu kubwa yake ni uwanda wa matope ulioletwa na mito ya Ganges na Brahmaputra, wenye rutuba ya kulisha umati huo na ulio chini kiasi cha kuweza kuuzamisha. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka uliofuata, vita vya kujitenga na Pakistan viliiacha nchi magofu, na wataalamu wengi wa Magharibi wakaiandikia tanzia kabla haijafa.

Haikufa. Mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari ambao mama Mkenya humnywesha mtoto anayeharisha ulifanyiwa majaribio ya mwanzo Dhaka na Kolkata katika miaka ya 1960. Kuanzia 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafunza akina mama namna ya kuuchanganya wenyewe kwa vidole na kikombe, hadi zaidi ya kaya milioni 10 zikafikiwa. Wahudumu wengine, wanawake pia, walibeba vidonge vya kupanga uzazi hadi mlangoni, kwa kuwa desturi haikumruhusu mke kutoka ovyo. Mwanamke wa Bangladesh aliyekuwa akizaa watoto karibu 7 mwanzoni mwa miaka ya 1970, leo huzaa takriban 2. Kenya ilishuka kutoka watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka wa 2022. Ikumbukwe kwamba Bangladesh ilifanya hayo yote ikiwa bado maskini wa kutupwa, jambo linalowasuta wanaodai kwamba afya husubiri utajiri.

Mtoto aliyeokolewa na kikombe hicho akapelekwa shule. Mnamo 1994 serikali ilianza kuwalipa posho wasichana wa sekondari wa mashambani ili wasiozwe mapema, na madarasa yakajaa. Hadi hapo mpango ulikuwa wa kupigiwa mfano.

Tatizo lilikuwa upande wa pili wa lango la shule. Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 6 katika miaka mingi ya mwongo uliotangulia 2020, lakini ukuaji huo ulisimama juu ya mguu mmoja. Nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa ambazo Bangladesh huuza nje, na viwanda vyake vimeajiri watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake waliotoka vijijini. Kazi hizo ziliwapa wasichana mshahara ambao mama zao hawakuuota. Ziliwagharimu pia: jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Aprili 24, 2013, zaidi ya wafanyakazi 1,100 walikufa kwa sababu waliamriwa kuingia kazini ilhali nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla.

Cherehani, hata hivyo, haihitaji shahada. Kijana aliyehitimu chuo kikuu hakuwa na pa kutazamia ila ofisi za serikali, na katika mtihani wa kuingia utumishi wa umma mamia ya maelfu ya watahiniwa hung'ang'ania nafasi elfu chache. Ndipo mahakama, mnamo Juni 2024, iliporejesha utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya nafasi hizo kwa watoto na wajukuu wa wapiganaji wa 1971. Kwa mtu wa nje hilo ni jambo dogo la kiofisi. Kwa mwanafunzi wa Dhaka ulikuwa mlango pekee, na ulikuwa ukifungwa mbele ya uso wake. Mahakama ya Juu ilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 5 Julai 21, lakini wakati huo damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Umoja wa Mataifa ulikadiria baadaye kwamba huenda watu 1,400 waliuawa.

Je, ukosefu wa ajira pekee huangusha serikali? Jimbo la Kerala, kusini mwa India, linatia shaka. Huko nako watu wamesoma kupita kazi zilizopo. Tangu miaka ya 1970 wana wake wamekuwa wakitafuta riziki katika nchi za Ghuba. Lakini kuanzia 1987 hadi 2016 wapigakura wa Kerala waliing'oa serikali yao katika kila uchaguzi mkuu wa jimbo. Hasira ilipata pa kutokea. Bangladesh ilikuwa na chaguzi za 2014 na 2024 zilizosusiwa na upinzani, na Nepal, tangu kufuta ufalme 2008, imeona serikali zaidi ya 12 huku viongozi wazee wachache wakipokezana kiti kama wachezaji wa bao.

Nepal ndiyo inayopaswa kusomwa kwa makini zaidi jijini Nairobi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35, na serikali imeifanya ajira ya ng'ambo kuwa nguzo ya sera yake, ikitia saini mikataba kama ule wa Ujerumani wa Septemba 2024. Nepal ilishika njia hiyo zamani. Kila mwaka mamia ya maelfu ya vijana wake hupewa vibali vya kufanya kazi Qatar, Malaysia, Saudia na kwingineko, na fedha wanazotuma nyumbani ni zaidi ya robo ya pato la taifa.

Fedha hizo zimepunguza umaskini, na huo ni ukweli usiopingika. Zimeezeka nyumba na kulipa karo. Viwanda hazikujenga, na wanasiasa hawakubanwa kuvijenga, kwa kuwa kijana asiye na kazi alikuwa mbali, kwenye mjengo wa Doha, asiweze hata kupiga kura. Waliojaa barabara za Kathmandu Septemba 2025, serikali ilipofunga mitandao ya kijamii ambayo familia nyingi huitumia kuzungumza na jamaa walio Ghuba, ni wale ambao walikuwa hawajapanda ndege.