Usaili Hautaki Lafudhi ya Kuazima

Nikiwa na miaka 16 pale Katoro, Geita, nilijiandaa kwa usaili wa kuigiza wiki mbili nzima mbele ya kioo, nikiiga Kiswahili cha Dar. Siku yenyewe nikapewa niwe mama ntilie wa machimboni. Nikaongea kama mtangazaji wa redio. "Asante, mwingine!" Kumbe mama ntilie huyo alikuwa ananipakulia wali kila siku, ila sikuwahi kumsikiliza.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akawa nyota wa nchi nzima. Lakini hapa chuoni bado tunafichana Usukuma wetu jukwaani. Jamani, tuache. Mdogo wangu unayejiandaa, kariri maneno yako, halafu nenda gengeni ukasikilize watu.