Jina Lililofichwa Miaka Ishirini

Wapenzi wa mpelelezi Morse huko Uingereza hawakutosheka kuketi mbele ya televisheni na kungoja mwuaji akamatwe. Michezo yake, iliyoonyeshwa tangu mwaka 1987 hadi 2000, ilikuwa pia uwanja wa chemsha bongo. Colin Dexter, mtunzi wa hadithi zenyewe, alikuwa bingwa wa mafumbo ya maneno, na majina ya Morse na msaidizi wake Lewis aliyapata kwa mafundi wenzake wa mafumbo hayo. Barrington Pheloung, aliyetunga muziki, alilipiga jina la Morse kwa nukta na vistari vya telegramu, alama ambazo nazo huitwa Morse. Mara nyingine alificha humo jina la mwuaji, na pengine la asiye na hatia, kusudi awapoteze wasikilizaji. Ole wake mtoto aliyepiga kelele wakati baba akihesabu milio!

Lakini fumbo lililowasumbua zaidi lilikuwa jina la kwanza la mpelelezi huyo. Dexter alilificha tangu kitabu cha mwaka 1975 hadi 1996. Katika mchezo wa televisheni halikutolewa bure: Morse alitega kitendawili, na jibu lilikuwa limelala ndani ya maneno mawili, "around Eve". Ukizipanga upya herufi zake tisa unapata Endeavour, merikebu ya Kapteni Cook. Hakuna aliyepunjwa, kwani herufi zote zilikuwa wazi. Aliyekuwa na penseli mkononi aliweza kulijua jina hilo kabla hajatajiwa.