Safisha Kwanza, Ndipo Ung'arishe

Gari la familia mjini Tunduma lina maadui wengi. Wakati wa kiangazi hufunikwa na vumbi jekundu. Mvua zinaponyesha, kati ya Novemba na Aprili, hurushiwa tope. Na mwaka mzima husafiri pamoja na malori yaendayo Zambia na Kongo, ambayo huliachia masizi ya dizeli. Si ajabu, basi, kwamba mwenye gari akipata nafasi siku ya Jumapili hununua kopo la polishi, akakunja mikono ya shati, akaanza kusugua boneti kwa nguvu zake zote. Nia yake ni njema. Lakini asipoisafisha rangi ipasavyo kwanza, kila anaposugua anaiharibu mali yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ili tulielewe jambo hili, yafaa tujue rangi ya gari ilivyo. Magari mengi tunayoyaona leo barabarani, hasa yale yaliyotumika Japani kisha yakaletwa kupitia bandari ya Dar es Salaam, yamepakwa tabaka kadhaa: rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, angavu mithili ya kioo. Vanishi hiyo ndiyo ing'aayo, na ndiyo iikingayo rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni karibu nusu tu ya unene wa karatasi ya daftari. Ikikwisha, hakuna polishi itakayoirudisha. Hapana budi gari lipelekwe kwa fundi wa kupuliza rangi, na gharama yake si ndogo kwa familia iliyolipata gari hilo baada ya misimu mingi ya kahawa au miaka mingi ya kuuza duka.

Sasa tulitazame vumbi. Ndani ya vumbi la barabarani mna chembe za mchanga, nazo ni ngumu kuliko chuma cha kisu cha jikoni, sembuse vanishi. Anayefuta vumbi kavu kwa kitambaa kikavu, kama wafanyavyo wengi wanaposubiri abiria, amejitengenezea msasa. Matokeo yake huonekana jua likipiga: mikwaruzo myembamba ya duara iliyotanda kama utando wa buibui.

Aidha, tusichanganye polishi na nta. Polishi halisi ina chembe laini za kukwangua. Hung'arisha kwa kuondoa sehemu ndogo sana ya vanishi, na kwa hiyo haifai kutumiwa kila wiki. Nta haikwangui, hufunika na kukinga. Makopo mengi ya dukani yana vyote viwili, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kununua. Polishi ikipakwa juu ya mchanga huusaga mchanga huo ndani ya vanishi. Nta ikipakwa juu ya uchafu na mafuta haishiki, na baada ya mvua chache huwa imekwisha.

Kazi yenyewe ifanywe hivi. Egesha gari kivulini, uache boneti ipoe, kwa maana maji ya sabuni yakikauka juu ya bati la moto huacha madoa. Mwagia maji gari zima kwanza bila kuligusa, ili mchanga mwingi uondoke wenyewe. Kinyesi cha ndege usikikwangue. Kiwekee kitambaa kilicholowa kwa dakika kadhaa hadi kilainike.

Tayarisha ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu. Chovya kitambaa katika sabuni, osha sehemu ndogo, kisha kisuuze katika maji matupu kabla ya kukirudisha katika sabuni. Mchanga utabaki chini ya ndoo ya pili badala ya kurudi juu ya rangi. Anzia juu ya paa, shuka polepole, na sehemu za chini ziwe za mwisho. Magurudumu yawe na kitambaa chao, na kitambaa hicho kisiguse bodi kamwe. Kitambaa kikianguka chini, usikitumie tena mpaka kifuliwe.

Kuhusu sabuni, ile ya unga ya kufulia haifai, kwa kuwa ni kali na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo huondoa nta ya zamani, hivyo yafaa mara moja hii kabla ya polishi, wala si kila wiki. Kwa siku za kawaida tumia sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya magari.

Ukishaosha na kukausha kwa kitambaa laini cha pamba au maikrofaiba, usidhani kazi imekwisha. Chukua nailoni nyembamba, kama ile inayofungia mkate, uvike vidoleni, kisha upitishe mkono taratibu juu ya boneti. Utashangaa: rangi iliyoonekana safi itakwaruza kama ngozi ya embe lililomwagikiwa chumvi. Huo ndio uchafu ulionasa, ambao sabuni haiutoi.

Sehemu kubwa ya uchafu huo ni vumbi la chuma. Kila lori linapokamata breki, iwe katika mteremko wa Senjele au katika msururu wa kuelekea forodhani, chembe ndogo mno za chuma huruka zikiwa za moto, zikashika kwenye rangi ya magari ya jirani na kuanza kupata kutu. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilikusudiwa kurahisisha uvukaji, lakini hakikuondoa malori barabarani. Juu ya gari jeupe chembe hizo huonekana kama vidoa vya rangi ya machungwa. Zipo dawa za kuziyeyusha. Hunuka kama yai viza, na zikikutana na chuma hugeuka zambarau. Zitumike mahali penye hewa, kwa glavu, na zisuuzwe kabla hazijakauka.

Matone ya lami huondolewa kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ya taa kidogo, kisha mahali hapo paoshwe mara moja kwa sabuni. Petroli isitumike, hasa watoto wakiwa karibu, kwani mvuke wake hulipuka upesi. Uchafu uliobaki huondolewa kwa udongo maalumu wa kiwandani, ulioanzia Japani na kuenea duniani katika miaka ya 1990. Hutelezeshwa juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni, bila kukandamiza, na hukunjwa mara kwa mara ili upande safi uwe chini. Ukianguka mchangani, utupwe.

Magari ya zamani yasiyo na vanishi yataka uangalifu zaidi. Jaribu mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka kidogo kitambaani, ujue unaondoa tabaka la juu lililochakaa, basi punguza nguvu. Lakini kama vanishi imebanduka vipande vipande, weka kopo chini. Hilo ni tatizo la fundi.

Lipo pia suala la maji. Tunduma ni mji uliosumbuliwa kwa miaka mingi na uhaba wa maji, na nyumbani mara nyingi mama na mabinti ndio huyabeba kichwani. Mpira wa bomba hutoa lita 10 na zaidi kwa dakika. Lakini ndoo tatu za lita 20, mbili za kuoshea na moja ya kumwagia na kusuuzia, hutosha gari dogo lisilo na tope zito. Wala suluhisho si kulipeleka gari mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo, na mafuta na sabuni vinavyoingia katika kijito huwafikia wanaochota maji chini yake.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari linalong'aa mbele ya nyumba ya jirani halikung'arishwa na kopo pekee. Limeoshwa kwa subira kwa saa nzima kabla kopo hilo halijafunguliwa. Basi, mzazi unapomwita kijana wako akusaidie Jumapili hii, usimpe polishi kwanza. Mpe ndoo mbili, umweleze ya pili ni ya nini.